Kipimajoto na Namna ya Kupima Joto la Mwili

Wasikilizaji na wasomaji wangu, leo nataka kuzungumza nanyi habari za chombo kidogo ambacho wengi wenu mmekiona mikononi mwa wauguzi, na baadhi yenu mmetiwa kwapani, lakini ni wachache walioelezwa namna kinavyofanya kazi. Chombo hicho ni kipimajoto, ambacho wengine hukiita themometa.

Nianze na jambo lililotokea nyumbani kwetu Nkowe, huko Ruangwa. Nalikuwa likizoni, na watu walikuwa katika kazi ya kuokota korosho. Jioni moja mtoto wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka minne, alikataa uji wake akajilaza mkekani. Mama yake alikuwa ametoka kuteka maji, na mikono yake ilikuwa ingali imelowa. Akamgusa mtoto kwenye paji la uso, akashtuka, akasema, "Mama, mtoto anawaka moto!" Bibi yake mtoto akaondoka jikoni alikokuwa akisonga ugali, akamgusa naye, akasema, "Mbona yu sawa tu, mwanangu? Huu ni uchovu wa kucheza juani."

Basi hapo palikuwa na mikono miwili, yote ya watu wanaompenda mtoto yule, na kila mmoja ulitoa habari yake. Wala hapakuwa na mwongo hata mmoja. Kila mtu alisema vile mkono wake ulivyomwambia.

Sababu yake mwaweza kuijaribu wenyewe leo hii. Twaeni mabakuli matatu. La kwanza litieni maji ya baridi ya mtungini, la pili maji ya moto ambayo mkono waweza kuyavumilia, na la tatu, ambalo mtaliweka katikati, litieni maji ya uvuguvugu. Tia mkono mmoja katika maji ya baridi na wa pili katika maji ya moto, uhesabu polepole hata mia moja. Kisha tia yote miwili pamoja katika bakuli la katikati. Mkono uliotoka katika baridi utakuambia kuwa maji haya ni ya moto; mkono uliotoka katika moto utakuambia kuwa ni ya baridi; na maji ni yale yale. Mkono haupimi joto. Mkono hulinganisha joto la kitu na joto lake wenyewe. Ndiyo maana mkono uliotoka majini ulimwona mtoto anawaka, na mkono uliotoka motoni ulimwona yu sawa.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Kipimajoto cha kioo, ambacho ndicho cha zamani, kina kitumbo chembamba upande wa chini, nacho kimejaa zebaki. Zebaki ni madini yang'aayo kama fedha, lakini haigandi kama chuma au shaba. Huku kwetu huwa majimaji wakati wote. Juu ya kitumbo kuna njia nyembamba kama unywele, inayopita ndani ya kioo mpaka juu. Zebaki ikipata joto huvimba, kama vitu vingi vinavyovimba kwa joto. Kuvimba kwenyewe ni kudogo sana; kama zebaki ingekuwa kikombeni usingeweza kukuona. Lakini kwa kuwa zebaki haina pa kwenda ila katika njia ile nyembamba, hupanda mbali. Fikiri kibuyu kikubwa kilichojaa maji hata mwanzo wa shingo. Ukiongeza kijiko kimoja tu, ungalimwaga katika sufuria pana hungeona tofauti yo yote, lakini katika shingo nyembamba ya kibuyu maji yatapanda upesi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linalokitenga kipimajoto cha mwili na kile cha ukutani cha kupimia joto la hewa. Kati ya kitumbo na ile njia nyembamba pana mahali palipobanwa, kama koo. Zebaki inapovimba hulazimisha na kupita juu; lakini inapopoa haiwezi kurudi yenyewe. Hukatika pale penye koo, na ile iliyokwisha kupanda hukaa pale pale ilipofika. Kwa hiyo muuguzi aweza kukitoa kwapani, akaenda nacho dirishani penye mwanga, akasoma bila haraka. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, asipokikung'uta kwa nguvu mpaka zebaki ishuke chini ya 35, atakayepimwa baadaye atasomewa homa ya mwenzake.

Watu wa Ulaya wenyewe walichukua muda mrefu kupata chombo kinachofaa. Mwaka 1714 fundi mmoja jina lake Fahrenheit, aliyefanya kazi Uholanzi, alitengeneza kipimajoto cha zebaki kilichoaminika, na mwaka 1724 akatangaza namba zake. Mwaka 1742 Celsius, mtaalamu wa Uswidi, alitoa hesabu nyingine ya digrii 100 kati ya maji yanayoganda na maji yanayochemka. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia kuwa yeye aliweka 0 kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye barafu. Waliomfuata ndio walioigeuza ikawa kama tunavyoitumia sasa. Ikiwa mtakuta kipimajoto cha kale chenye namba za Fahrenheit, ondoeni 32, zidisheni kwa 5, kisha gawanyeni kwa 9. Kwa hiyo 104 ya Fahrenheit ni 40 ya Celsius, nayo ni homa kali.

Lakini waganga hawakukitumia sana chombo hiki mpaka karne ya 19. Huko Leipzig, katika Ujerumani, daktari Wunderlich aliwapima wagonjwa wapatao 25,000, tena kila mmoja mara nyingi, akatoa kitabu chake mwaka 1868. Kipimajoto chake kilikuwa na urefu wa karibu futi moja, na mgonjwa alikaa nacho kwapani hata dakika 20. Miaka ile ile ya 1860 Mwingereza mmoja, daktari Allbutt, akapata kutengenezewa kifupi cha inchi zipatazo sita, kilichotoa jibu kwa dakika 5. Tangu hapo muuguzi akaweza kukitia mfukoni. Wunderlich ndiye aliyetufundisha kwamba joto la mtu mzima wa afya ni karibu na digrii 37, na tena kwamba homa si ugonjwa wenyewe, ila ni dalili ya ugonjwa. Katika lugha yetu jambo hili latutatanisha kidogo, maana twasema "ana homa" na kumbe twataka kusema "ana malaria". Joto laweza kupanda kwa malaria, kwa kichomi, kwa sikio linalotoa usaha, kwa jeraha lililooza. Kipimajoto kitakuambia kuwa joto limepanda. Hakitakuambia limepandishwa na nini.

Sasa yanipasa kuwaeleza kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Nilipokuwa mwalimu kijana nalipelekwa katika shule moja ya bweni, ambayo sina haja ya kuitaja. Nalipewa sanduku la dawa na kipimajoto kimoja cha kioo, nikaambiwa nipime vijana wanaosema ni wagonjwa. Kila mwalimu ajua kuwa siku ya kulima wagonjwa huwa wengi. Asubuhi moja walikuja vijana saba. Wa tano alikuwa kijana mpole, mwembamba, ambaye alikuwa ametoka kuoga, na kwapa lake lilikuwa bado lina maji. Nalikitia kipimajoto, nikakaa kwa muda ambao mtu aweza kusema Baba Yetu mara moja, nikakitoa. Kilisoma 36.2. Nikamwambia, "Chukua jembe lako, bwana mdogo." Hakubishana nami. Akachukua jembe akaenda.

Usiku ule alipata degedege. Twalimbeba kwa machela, watu wanne kwa kupokezana, mpaka hospitali, na njia nzima nalikuwa nikisikia meno yake yakigongana. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Alikaa hospitali siku nyingi, akapona, nami namshukuru Mungu kwa hilo, lakini siwezi kusema kuwa alipona kwa ajili yangu.

Muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliniuliza nilivyompima. Nikamweleza yote. Akasema, "Mwalimu, uliuliza swali, lakini hukungoja jibu." Nikamwambia, "Mama, namba niliiona kwa macho yangu." Akajibu, "Namba uliiona. Lakini kioo kilikuwa bado kinajipasha joto, na maji ya kwapani yalikuwa yanakipoza. Tena uliuliza asubuhi. Je, ulimwuliza kijana usiku alikuwaje?" Sikuwa nimemwuliza. Akanikalisha kwenye benchi akanifundisha kupima, kama mimi ninavyowafundisha watoto kushika kalamu. Nami nitawapa ninyi kama nilivyopewa.

Kwanza mtu akiwa ametoka juani, au ametembea mwendo mrefu, au ametoka motoni au kuoga, na akae kivulini kwa robo saa. Kung'uta kipimajoto kwa kukishika upande wa juu, mbali na meza na ukuta, mpaka zebaki ishuke chini ya 35, uhakikishe kwa macho. Futa kwapa liwe kavu. Futa tu, usisugue, maana kusugua huongeza joto. Kitie kitumbo katikati kabisa ya kwapa, kiguse ngozi pande zote, wala nguo isiingie kati. Kisha mkono ushushwe na kukazwa kifuani. Mtoto mdogo apakatwe na mama yake, naye amshike mkono ule. Ngoja dakika 5 kamili kwa saa, wala si vibaya kuzidisha kidogo. Usihesabu kwa kukisia, maana dakika ya mtu mwenye shughuli ni fupi mno. Ukikitoa, usikishike kwenye kitumbo. Kizungushe polepole katika mwanga mpaka uone utepe wa fedha, usome panapoishia. Kila mstari mdogo ni sehemu moja ya kumi ya digrii. Baadaye kioshe kwa sabuni na maji ya baridi. Maji ya moto hukipasua, na hata kukiacha juu ya dirisha lililopigwa na jua, katika joto la kwetu la mwezi wa Novemba, kwaweza kukiharibu.

Watu wazima waweza kupimwa chini ya ulimi, midomo ikiwa imefumbwa, lakini si mara tu baada ya chai au maji ya baridi. Mtoto mdogo kamwe asitiwe kioo mdomoni, maana atakiuma. Mjue pia ya kuwa mahali hubadili namba: joto la kwapani huwa chini kidogo kuliko la mdomoni, kwa kadiri ya nusu digrii. Kwa hiyo anayeandika namba na aandike na mahali.

Na saa je? Joto la mtu mzima wa afya halikai mahali pamoja mchana na usiku. Hushuka chini kabisa karibu na saa kumi alfajiri, na hupanda juu kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Tofauti yake yakaribia nusu digrii. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1992 ulionyesha kuwa wastani wa joto la mdomoni la watu wazima wenye afya ni 36.8, wala si 37 kamili kama tulivyozoea kukariri. Nawashauri wanafunzi wajipime siku tatu wakiwa wazima, asubuhi na jioni, waandike. Mtu anayejua joto lake la siku zote hatatishwa na 37.1 ya jioni.

Kwa mtoto, joto la kwapani likifika 37.5 au zaidi huhesabiwa kuwa homa, naye apelekwe kupimwa. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye joto hilo asingojwe hata kidogo. Na hapa yako makosa makubwa, kwa kuwa watu hutazama upande wa juu tu. Mtoto mchanga ambaye joto lake liko chini ya 35.5 naye yu hatarini, na huenda ana ugonjwa mkali usioleta joto. Mkumbatieni kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunikeni, mwende naye. Tena mtoto wa umri wo wote asiyeweza kunywa wala kunyonya, au anayetapika kila kitu, au aliyepata degedege, au aliyelegea hata haamki vizuri, apelekwe mara moja hata kama kipimajoto kinasema 36.8. Msikae kubishana na namba.

Siku hizi viko vipimajoto vya betri, ambavyo havina zebaki, navyo hulia vinapomaliza kazi. Ni vizuri, tena si ghali kama vilivyokuwa zamani. Kwapa kavu na mkono uliokazwa vyatakiwa vile vile. Ncha ikigusa nguo, kitalia na kukupa namba ya uongo kwa uhodari. Betri ikififia, namba hazisomeki au huja na kutoweka. Viko pia vile vinavyoelekezwa usoni bila kugusa ngozi, ambavyo wengi twaliviona mara ya kwanza mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Hivyo hupima joto la juu ya ngozi tu, kisha hukisia lililo ndani. Jasho, upepo na jua huvidanganya. Nalipimwa mlangoni mwa ofisi moja, kwenye kifundo cha mkono, nikaambiwa nina 34. Mtu mzima mwenye 34 ya kweli hapandi ngazi akitaniana na wenzake! Lakini hakuna aliyeshangaa. Namba iliandikwa daftarini, nikapita.

Ama kioo chenye zebaki, mataifa yalikubaliana mwaka 2013, katika mapatano yaliyopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake walipatwa na sumu ya zebaki kwa kula samaki, kwamba ufikapo mwaka 2020 vipimajoto vya namna hii visitengenezwe wala kuuzwa kutoka nchi hata nchi. Vingine vingali vimo masandukuni. Kikivunjika, watoto hupenda kuzikimbiza zile shanga za fedha sakafuni, nasi zamani twalizichezea viganjani bila kujua. Mvuke wake ni sumu. Watoeni watoto, fungueni madirisha, msifagie kwa ufagio maana ufagio huzitawanya. Zisukumeni kwa karatasi ngumu mpaka ziingie katika chupa yenye kifuniko, mpeleke kwenye kituo cha afya. Zisitupwe chooni wala motoni.

Nirudi Nkowe, kwa mtoto yule niliyemwacha mkekani. Nalikuwa nimekuja na kipimajoto cha betri. Nalimwomba mama yake amfute kwapa, ampakate, nasi tukangoja. Kikasoma 38.9. Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, mwalimu, kumbe mkono wangu ulikuwa wa jikoni." Kwa kuwa mtoto alikuwa akinywa maji na kuzungumza vizuri, tulikubaliana kumpeleka alfajiri, na usiku kucha mtu awe macho, likitokea jambo lo lote baya, tutaondoka saa ile ile. Mama yake, ambaye alisoma mpaka darasa la saba, akatwaa ukurasa wa daftari akaandika: saa moja jioni, kwapani, 38.9. Saa nne usiku tulimpima tena, ikawa 39.6. Akaandika. Usiku wa manane mtoto alitoka jasho jingi, akalala.

Alfajiri saa kumi na mbili joto lilikuwa 36.9. Mtoto aliamka akaomba ugali wa jana, akatoka kumfukuza jogoo. Bibi akafurahi, akasema homa imekwisha, hakuna haja ya kwenda, na kazi ya korosho inangoja. Nami kwa kweli, kama nisingekuwa nimemwona kijana yule wa bwenini, ningalimkubalia. Mama yake akautazama ule ukurasa, akaukunja, akambeba mtoto mgongoni.

Kituoni walimpima tena. Alikuwa na 37.0. Kwa namba hiyo peke yake angehesabiwa kuwa mzima. Mama akatoa ukurasa wake. Mganga akausoma mstari kwa mstari, akauliza ni nani aliyeandika saa, kisha akamtoboa mtoto kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria. Baada ya robo saa ulionekana mstari wa pili. Wakampa dawa ya siku tatu, wakamwonyesha mama namna ya kuigawa, na mganga akauomba ule ukurasa aunakili katika daftari lake.